Pumzi Kwenye Roshani

Majirani zetu wa Tensta, kule kwa Waswidi, walikuwa na mazoea ambayo niliyaita wendawazimu, tena kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyenielewa. Waliwaacha watoto wachanga walale nje kwenye theluji, ndani ya vigari vyao, wenyewe wako ndani wanakunywa kahawa. Mimi nilipita na wangu mgongoni, nimemfunika hadi utosini, nikimwambia, "Umeona bahati yako? Wewe una mama."

Miaka ya sabini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mwanangu alikuwa ameshaota meno mawili na hajawahi kuugua. Mafua yalipomwingia sikutishika. Nilipoondoka Moshi, mama yangu alinifungia majani makavu ya mkaratusi, akaniambia mtoto akibanwa kifua nimfukize. Basi nikaziba kwa vitambaa yale matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha, maana Waswidi hujenga nyumba imara kisha wakaitoboa. Nikachemsha majani, nikajifunika naye blanketi mbele ya sufuria. Alitoka jasho, akalala. Nikajisifu.

Kesho yake, giza, ambalo huko wakati wa baridi huingia alasiri, likiwa limeshatanda, aliamka na kikohozi ambacho sikuwahi kukisikia kwa binadamu. Alikuwa anabweka. Kila akivuta pumzi koo lilikwaruza, na pale chini ya shingo pakabonyea ndani. Niliogopa. Nikachemsha majani mengine. Chumba kikajaa mvuke, vioo vikatiririka maji, naye akazidi kubanwa.

Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza anatoka chuoni. Alipiga simu hospitali koti likiwa bado mwilini. Alisikiliza, akauliza, akasikiliza tena. Mimi nilimkazia macho usoni, nikitafuta humo kama mtoto atapona.

"Muuguzi amemsikia kwenye simu," alisema. "Anasema tumfunike vizuri, tumtoe kwenye roshani avute hewa ya baridi. Asipopata nafuu upesi, watatuma gari."

"Roshani ipi? Hiyo yenye theluji?"

"Hiyo hiyo, mama."

"Huyo muuguzi amezaa kweli? Au naye ni wale wale wa vigari? Mpigie tena, atume gari sasa hivi! Mwambie huyu si mtoto wa Kizungu, baridi itamuua!"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amesema koo ni koo tu."

Nilimchukia yeye, muuguzi na nchi nzima. Nilimtaka mama yangu. Nilikuwa bado nafoka pale mtoto alipovuta pumzi nyingine, na mlio ukakatika katikati. Sikungoja. Nilimbeba na blanketi lake, nikausukuma mlango wa roshani kwa bega. Kama ni kufa, afe mikononi mwangu, asife huku nabishana.

Baridi ilinipiga usoni, nami nimelowa jasho la mvuke. Nilimkalisha wima mkononi, nikamwelekeza uso nje. Alishtuka, akalia, akabweka. Kisha kilio kikarefuka kidogo. Kukwaruza kukapungua, polepole, kama sufuria iliyoepuliwa inavyoacha kutokota. Halafu akanyamaza kabisa.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wote. Ule mlio nilioulaani ndio ulionijulisha kuwa yu hai, na sasa sikusikia kitu. Amefumba macho. Nikamwinamia.

Katika mwanga wa taa ya nje nikaona kiwingu cheupe, kidogo sana, kikitoka puani mwake. Kikapotea. Kikaja kingine.

Mume wangu alichungulia mlangoni, akasikiliza, akashusha pumzi. Alirudi kwenye simu, kisha akaja tena. "Muuguzi anasema sasa unaweza kumrudisha ndani."

"Toa kwanza vile vitambaa madirishani."

Nikamsikia akiburuta kiti, akivichomoa kimoja kimoja. "Tayari," aliniita. "Ingia basi, utaugua na wewe."

Nilikuwa na kandambili, bila soksi, na vidole vya miguu nilikuwa sivisikii tena. Sikuingia. Huku nje pumzi ya mwanangu nilikuwa naiona kwa macho yangu. Ndani nisingeiona.