Mshale wa Kumi

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Mpima alinikabidhi ncha ya mnyororo kabla hajaniuliza jina. Mvua ilikuwa inanyesha, na kwa Tukuyu hiyo si habari.

"Mnyororo huu una mita ishirini," alisema. "Hauongezeki ukiubembeleza. Wewe utashika nyuma."

Ninyi mnaopima shamba kwa simu, huku mnatafuna, niwaeleze. Mshika mbele alibeba mishale kumi, ndivyo tulivyoviita vijiti vya chuma vyenye pete kichwani. Kila mnyororo uliponyooka, alichoma mshale mmoja ardhini. Mshika nyuma akiufikia huung'oa na kubaki nao. Idadi ya mishale aliyokusanya ndiyo idadi ya minyororo iliyopimwa. Bwana Mpima alikuwa na sheria moja, akiitangaza kama yuko mnadani: "Mikono miwili! Hesabu yako, hesabu ya mwenzako, zikitimia kumi ndipo msogee!"

Nilimwona anazidisha. Mimi nimekulia sokoni, mama akiuza ndizi. Mkungu nauhesabia vichana mbele ya muuzaji, kisha narudia akigeuka. Nani wa kunifundisha kuhesabu?

Mshika mbele wangu alikuwa Hamisi, mtoto wa mjini, mwembamba, mdomo haupumziki. Tulianzia Kawetele chini ya Bwana Mpima, kisha tukapelekwa Lupepo chini ya Mpima Msaidizi, mtu aliyeishi kama basi linamwacha. Huko tulipima shamba la mkulima mmoja, Asajile. Lilitakiwa liende minyororo minane kutoka barabarani. Katikati ya migomba mvua ikatushukia, Mpima Msaidizi akawa anapiga kelele tumalize. Nikahesabu mishale mkononi: saba. Nikarudia: saba.

"Bado mmoja!" nikamwita Hamisi. Tukavuta mnyororo mara moja zaidi, tukasimika jiwe la mpaka.

Jioni tulirudisha mishale tisa. Mtunza stoo akauliza wa kumi uko wapi. Nikamtazama Hamisi, maana shemeji yake alikuwa mhunzi, na chuma kwa mhunzi hakilali. Kutazama kulitosha. Kabla mwezi haujaisha Hamisi aliacha kazi, akafungua duka la vitenge.

Mimi niliendelea. Mnyororo ukaondoka, ikaja tepi, tepi ikapisha mashine ya miguu mitatu. Nikastaafu na cheti, na goti linalotabiri mvua.

Siku hizi asubuhi zetu ziko barazani kwa Hamisi, hapa Tukuyu. Tuko watatu: Hamisi, Asajile na mimi. Tunakunywa kahawa na kubishana mambo ya zamani: barabara ya Mbeya ilipita wapi kabla haijanyooshwa, nani alileta baiskeli ya kwanza Kawetele. Hamisi anasema ni babu yake. Nimemwomba shahidi, hajaleta.

Hivi karibuni Asajile akabadilika. Habari za baiskeli akaziacha, akaanza kuuliza.

"Hivi siku ile kwangu, mlianzia barabarani hasa, au kwenye mfereji?"

Kesho yake: "Mvua ile ilikuwa kubwa, eeh?"

Keshokutwa: "Na Mpima Msaidizi, alihesabu mwenyewe?"

Nikamshuku. Maofisa walikuwa wanakuja Lupepo kuandika hati za mashamba, na kikishaandikwa, kukifuta ni kazi ya wajukuu. Jirani ya Asajile ni Mama Tusajigwe, mjane. Marehemu mumewe alilibishia lile jiwe letu maisha yake yote, akaagiza azikwe upande ambao jiwe lilisema si wake. Sasa Mama anataka kulijengea kaburi kwa saruji. Hati ikitoka kwa jiwe lile, mume wake atakuwa amelala milele kwenye shamba la mtu.

Nikaona mtego. Asajile ananichuma maneno barazani ili akanisimamishe mbele ya maofisa: mpimaji mwenyewe kasema! Tena mfuko wa koti lake ulikuwa umetuna. Nikajua ni simu, inanirekodi. Nikaanza kujibu kama karani saa ya kufunga: sijui, sikumbuki, uliza ofisini.

Siku ya sita nikachoka.

"Asajile, unatafuta nini? Minyororo ni minane. Nilihesabu mara mbili."

"Ulihesabu ipi?"

"Mishale iliyokuwa mkononi mwangu."

"Na ya Hamisi?"

Hamisi aliacha kumimina kahawa.

Asajile akatia mkono mfukoni. Haikuwa simu. Aliweka juu ya benchi kipande cha chuma kilicholiwa na kutu, pete bado kichwani.

"Nilikuwa nachimba shimo la mgomba," alisema. "Nisingejua ni kitu gani, ila mishale hiyo umetuhubiria hapa kila wiki. Nilitaka ukumbuke mwenyewe, mzee mwenzangu. Maofisa wakija nitasema ukweli, lakini sikutaka uusikie mbele ya watu."

Nikageukia Hamisi. "Siku ile ulibaki na mingapi?"

"Miwili," alisema. "Wewe saba. Hukuuliza."

Saba na miwili ni tisa; wa kumi ulikuwa umeshachomwa, yaani minyororo ilikuwa tayari minane. Nilikuwa nimeacha mshale kwenye tope, nikahesabu mara mbili kilichokuwa mkononi. Tulikuwa tumempa Asajile mita ishirini za jirani yake.

Kesho yake tulikwenda Lupepo na kamba ya mita ishirini. Tulichonga vijiti tisa vya mianzi. Wa kumi tulikuwa nao. Mama Tusajigwe alisimama kando ya kaburi, mikono kiunoni.

"Mmekuja kuchukua na kilichobaki?"

"Tumekuja kurudisha, mama," Asajile akamjibu.

"Tutaona."

Hamisi akashika mbele, akihema, mimi nyuma. Minyororo minane iliishia pungufu ya jiwe la zamani. Kaburi lilikuwa upande wa Mama, na nafasi ya kulizunguka.

"Ndaga," Mama akashukuru taratibu, kisha akaitikisa kamba kuona kama haina fundo. Sikumlaumu.

Niwaambie vijana: kazini niliwachunguza watu wengi, na mkono niliouamini bila kuukagua ulikuwa wangu. Kabla hatujasimika jiwe nilimwendea Hamisi, nikamfungua vidole. Vijiti viwili. Kwangu vinane, na ule mshale wa kutu ndani yake.

"Kumi," nikasema. "Nisamehe, bwana. Kwa lile jicho la stoo."

Hamisi hakuniangalia. Alifumba vidole, akavifumbua tena.

"Hesabu mara ya pili," akasema.