Rangi ya Chumba Chetu cha Mbele

Mume wangu alikuwa mwashi. Alitoka pwani pamoja na reli, na reli ilipofika Dodoma ikaendelea zake kuelekea Tabora, yeye alibaki, kwa sababu stesheni ilikuwa haijaisha na kwa sababu alikuwa ameshanioa. Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Watu walimtania kwamba fundi aliyeoa Mrangi hatakosa rangi. Alicheka kila mara, hata na wale waliokwisha kumwambia.

Alijenga nyumba yetu kando ya njia iendayo bomani. Paa lilikuwa la udongo, kama la tembe za Wagogo waliotuzunguka, lakini chumba cha mbele alikitaka kiwe cha kipwani. Msimamizi wake stesheni alimruhusu kuchukua chokaa iliyobaki, naye akakipaka chumba kile ndani, tabaka juu ya tabaka, mpaka kikawa cheupe kama yai. Kisha akaingiza meza aliyoiunga kwa mbao za makasha, na kiti kimoja.

"Sasa hii ni nyumba," akasema.

Nilisema ni nzuri. Ndivyo tulivyofundishwa kwetu kusema.

Tabu ni kwamba siku zile, Dodoma, kuta nyeupe zilikuwa za serikali. Boma lilikuwa jeupe, stesheni ilikuwa nyeupe, na nyumba ya Mjerumani wa reli ilikuwa nyeupe. Aliyefuata alikuwa mume wangu. Jirani wakiingia kwetu walishusha sauti. Waliniamkia, wakaeleza shida yao kwa maneno machache, wakaondoka. Nilidhani ni kwa sababu mimi ni mgeni.

Asubuhi moja mzee mmoja alisimama mlangoni na mbuzi. Nikamwamkia, akaitikia, akachungulia ndani, akaona meza na kiti, akachuchumaa nje kivulini.

"Karibu ndani, baba."

"Nitamngoja bwana."

Nikajua ana kazi ya ujenzi. Akamngoja bwana siku nzima. Nilimpa maji, nikampa mbuzi maganda ya viazi. Jua lilipoteremka mume wangu akarudi, ana vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi. Mzee akasimama wima, akaanza kueleza: mbuzi huyu ni wa jirani yake, ameingia shambani kwake akala uwele, si mara ya kwanza, na mwenyewe akiambiwa hucheka. Mume wangu alikuwa mtu wa adabu. Hakumkatiza mzee. Alikaa kwenye kiti, akasikiliza mpaka mwisho, akaona mzee bado anamtazama.

"Mrudishe mbuzi," akasema, "akizaa, mtoto mmoja awe wako."

Alikuwa na njaa. Mzee akashukuru sana, akamvuta mbuzi wake, akaenda.

Baada ya siku chache wakaja wawili wenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Kisha akaja mwanamke aliyeachwa na mume, akidai vyungu vyake. Mimi nilimwambia kwamba hapa si bomani, boma liko mbele. Akatazama ukuta, akanitazama mimi, akasema hata hivyo yeye ameshafika. Nikampa uji. Kuhusu vyungu nilimwambia akavichukue, naye akaenda akavichukua.

Habari zikamfikia akida. Akida alikuwa mtu mnene aliyepumua kwa sauti, na aliyemwogopa zaidi ni Mjerumani wake. Alikuja na askari, akasimama katikati ya chumba, akageuka polepole kutazama kuta zote.

"Nani amekupa ruhusa ya kuwa na boma?"

"Ni sebule, bwana akida," mume wangu akajibu.

"Nimeambiwa unahukumu."

"Nilimwambia mtu mmoja amrudishe mbuzi."

"Ndiyo hukumu hiyo."

Wakaondoka naye. Nilikaa sakafuni nikiwa nimeegemeza mgongo kwenye ile chokaa, na sikufanya lolote. Watu wote tulijua maana ya hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Tulikuwa tumewaona waliotoka kulala kifudifudi bomani, jinsi walivyotembea. Mawazo yangu yalikuwa mgongoni mwa mume wangu tu.

Alirudi mchana, anatembea sawasawa. Akanawa, akala, akamaliza. Ndipo akasema:

"Nimeambiwa nyumba yangu isifanane."

"Isifanane na nini?"

"Na yao. Akida atakuja kuangalia. Asiporidhika, nitalala pale chini."

Yeye angepaka udongo mwekundu jioni ile ile, shauri likaisha. Mimi ndiye niliyekataa. Nimewahi kujiuliza nilipata wapi ujasiri wa kuchagua, hali mgongo uliokuwa hatarini ni wake. Lakini chumba kile nilikuwa nakaa mimi mchana kutwa, na nilikuwa nimekwisha kukaa ndani ya boma. Sikutaka sasa kukaa ndani ya barabara, maana udongo mwekundu wa Dodoma ndio barabara yenyewe.

"Basi tujaribu," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mvua.

Nikaanza kupaka viraka. Cha kwanza, udongo mwekundu wa hapo nje. Nilipokiona kimekauka nilihisi nimefungua mlango vumbi likaingia. Cha pili, jivu na maji. Kilikuwa laini, cha kupendeza, lakini jirani mmoja alipoingia akauliza ni nani amefariki. Cha tatu, udongo wa manjano niliouchimba kwenye kichuguu. Mume wangu aliketi mbele yake akala, nikamtazama usoni, nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Nikamwambia ahamie upande mwingine, akahama, akapona.

Kwa hiyo ukuta ukawa na madoa kama fisi, na akida alitarajiwa siku yoyote.

Nyuma yetu, katika tembe, alikaa mama mmoja wa Kigogo, mtu mzima wa kunizaa, mwenye masikio yaliyotobolewa na kurefuka. Kiswahili alikijua kama nilivyokijua mimi wakati ule, yaani cha kutosha. Alikuja akaniamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" mlangoni, kisha akaona ukuta, akakaa chini kuutazama vizuri. Nikamweleza shida yangu. Akaelewa upesi, ila rangi hakuzitaja kama mimi. Alizitaja kwa ng'ombe.

"Huyu," akasema, akionyesha kiraka chekundu, "ni kama dume la mjomba wangu. Kali. Huwezi kukaa naye ndani."

"Na hiki cha jivu?"

"Huyo alikuwa wa jirani. Hakutoa maziwa."

"Na hiki cha manjano?"

Akatikisa kichwa. "Mgonjwa."

Kesho yake alirudi na kibuyu cha udongo alioutoa kwenye korongo la mto mkavu, kule chini mchanga unakoishia. Ulikuwa kahawia hafifu, karibu na kuwa mweupe. Tukauchanganya na chokaa kidogo iliyobaki, akatia udongo wangu mwekundu, akakoroga, akatazama, akatia tena kidogo. Kisha akamimina maji ya mlenda kutoka kwenye chungu alichokuja nacho.

"Huu si wa kula, mama?"

"Wa kula. Na ukuta nao unashika kwa kuteleza."

Tukakoroga kwa zamu. Nikamuuliza anatafuta nini, maana alikuwa akiinua mwiko na kuutazama kama mtu anayemtazamia mgeni njiani.

"Ng'ombe wa baba," akasema. "Rangi ya uji wa mtama uliotiwa maziwa. Nilipokuwa msichana nilikuwa nalala ubavuni mwake. Alikuwa mpole, akipumua unainuka naye."

"Akaenda wapi?"

"Sotoka. Ugonjwa ule uliwachukua ng'ombe wote. Asubuhi ulikuwa unasikia zizi kimya. Baba alikaa nje akitazama mlango wa zizi mpaka tukahama. Ng'ombe huyo alikuwa wa mwisho kufa, nami nilidhani atabaki." Akanyoosha mkono. "Niongezee chokaa."

Nikamwongezea. Nikakoroga.

Tulipaka kwa mikono. Rangi ikiwa mbichi ilikuwa nyeusi, mbaya, na mume wangu aliporudi alisimama mlangoni akasema taratibu kwamba mkewe amepaka tope. Nikamwambia angoje ikauke. Akasema akida hangoji vitu vikauke.

Lakini ilikauka. Asubuhi nilifungua mlango na mwanga ukaingia, na badala ya kunirukia machoni kama zamani, ukakaa. Ukuta haukuwa mweupe wala mwekundu wala kahawia. Mikono yangu mwenyewe niliiona mizuri mbele yake. Nikamwita yule mama. Akaingia, akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda mrefu.

"Ndiye," akasema. Kisha akaomba maji ya kunawa.

Akida akaja na askari wake. Mume wangu alikuwapo, amesimama amenyooka, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Akida akaingia. Hakugeuka kutazama kuta. Aliketi kitini bila kukaribishwa, akavua viatu, akakaa. Alipumua. Askari akaegemea mlango. Sisi wote tulingoja hukumu, na kwa muda nilidhani akida amesinzia.

"Mmetia nini humu?" akauliza mwishowe.

"Udongo, bwana akida, na chokaa kidogo, na mlenda."

"Mlenda wa kula?"

"Wa kula."

Akafikiri. "Upo uliobaki?"

Nikamletea mlenda na ugali. Akala mpaka akaramba vidole, akavaa viatu, akasimama. "Hii si ofisi," akasema, na askari akaitikia kwa kichwa kama shahidi. Wakaenda. Mume wangu alikaa chini palepale, akajifuta uso kwa kanzu yake. Nikakaa karibu naye.

Tangu hapo watu walikuja wakakaa. Mtu aliyekuja kuomba moto alikaa mpaka moto wake ukazimika, akaomba mwingine. Yule mama alikuja karibu kila mchana na mkeka wake, akakaa ameegemea ukuta, akichambua karanga bila maneno mengi, na mara nyingine alifumba macho. Nilimwacha. Nami nilijifunza kupita bila kuburuta miguu.

Mwaka uliofuata mama mkwe wangu alikuja kututembelea kwa gari moshi. Alikuwa mwanamke wa mjini pwani, msafi, hajawahi kuona nyumba ya mwanawe. Tulifagia mpaka nje kwenye njia. Aliingia, akaketi, akanywa maji, akazungusha macho polepole kutoka pembe hadi pembe. Mume wangu alikuwa amesimama kama siku ile ya akida.

"Nyumba nzuri, mwanangu," akasema. "Mtaipaka rangi lini?"

Yule jirani yangu, aliyekuwa kwenye mkeka wake, akashika mdomo. Mume wangu akanitazama, akautazama ukuta, akamtazama mama yake.

"Mwakani, mama," akajibu. "Inshallah."