Khanga Juu ya Tangi

Juzi, kwenye mapokezi ya zahanati moja hapa Bariadi, niliona tangi la samaki. Harufu ya yale maji ikanirudisha utotoni.

Baba alileta samaki mdogo kutoka Mkula, ndani ya ndoo. Tulipomtia kwenye tangi alijibana konani, mapezi yakitetemeka. Baba akamwekea kigae cha chungu, akafunika tangi kwa khanga.

"Usimchungulie, mwanangu. Mwache gizani, atatulia."

Kesho yake alikuwa anaogelea.

Siku chache baadaye mama alirudi kutoka hospitali alikokwenda kujifungua, bila mtoto. Baba alipoenda kunywesha ng'ombe, nikamkumbuka yule samaki; nikashusha pazia la chumba cha mama, nikakaa mlangoni. Shangazi zangu wakafika kutoka Shishiyu na mchele, wakinukia moshi.

"Baba kasema asisumbuliwe," nikawaambia.

Nikasikia ndala zao zikiburuzika kurudi barabarani. Sikujua kwamba kwetu mfiwa haachwi peke yake.

Jioni mama akauliza, "Hakuna hata mmoja aliyekuja kukaa na mimi?"

"Walikuja," nikajibu kwa furaha. "Nimewarudisha ili utulie."

Mama akavuta khanga, akajifunika uso.