Bia ya Kusomea Gazeti

Nilikwenda kuposa nikiwa na bia niliyopika mwenyewe, tena Ubelgiji, nchi ambako hata duka la magazeti huuza bia nzuri kuliko utakayoipika maisha yako yote. Lawama zote mpeni shangazi yangu.

Alikuwa amekuja kutoka Kilimanjaro kumlea mjukuu wake mchanga huko Leuven, na kwa kuwa hakukuwa na mzee mwingine wa ukoo wetu upande huu wa dunia, yeye ndiye angesimama kwa niaba yangu. Akasema mapema kabisa kwamba ukweni hawapelekewi pombe ya dukani. Mkono mtupu haulambwi, na kwake yeye mkono wenye chupa ya dukani ulikuwa mtupu uleule, umevaa glavu tu. Nikamwambia kwamba ndizi za kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hapa Brussels ni ghali kama nyama. Akauliza Wabelgiji wao wanapika kwa kitu gani. Nikasema kimea.

"Basi pika kwa kimea," akasema. "Mikono si unayo?"

Upande wa pili kulikuwa na baba wa binti niliyempenda, papa kama wanavyomwita kwao. Mzee huyo wa Lubumbashi alikuwa akiishi Etterbeek, na ujana wake wote aliumalizia katika kiwanda cha bia huko kwao. Siku niliyokwenda kuomba tupokewe, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakunja gazeti lake taratibu.

"Bon. Shangazi yako tutamupokea," akasema. "Lakini mie, bière yenye siwezi kusoma journal nyuma yake, sinywake. Na kama sikunywa, sitajibu muntu."

Nilimwelewa vizuri. Bia ikiwa na ukungu, hakuna jibu, na bila jibu hakuna binti.

Nikapika, kwangu ghorofa ya tatu, Saint-Gilles, Brussels, katika jiko ambalo ukifungua mlango wa friji lazima utoke kwanza. Nilinunua kimea cha kopo, hamira, na ndoo nyeupe ya plastiki yenye kifuniko na bomba karibu na kitako. Bia ilichemka, ikapoa, ikachacha, ikatulia. Nikajaza glasi na kuiweka mbele ya gazeti. Sikuona gazeti. Nilichokiona ni kitu kama maji ya kuoshea mchele.

Muuzaji wa kimea alinieleza kwamba dawa za ukungu ni mbili, jelatini na baridi. Jelatini unaiyeyusha kwenye maji ya moto, unaimwaga ndani, nayo inashuka chini na uchafu wote. Lakini bila baridi haifanyi kazi. Friji yangu ilikuwa na nafasi ya mayai na siagi. Baridi ya kweli katika nyumba ile ilikuwa kwenye baraza ya mama wa ghorofa ya pili, chini ya dirisha langu, iliyotazama kaskazini na kukosa jua tangu Septemba.

Mama huyo alikuwa wa Bujumbura, Mwislamu wa swala tano. Nilisimama mlangoni kwake nikazungukazunguka na salamu za watoto, salamu za kazi, mpaka akachoka.

"Sema unataka nini, mwanangu."

Nikasema. Akausukuma mlango nusu, na mimi nikaanza kurudi nyuma.

"Pombe haipite mu nyumba yangu," akasema mwishowe. "Lakini balcon, bon, balcon iko inje."

Hapo tatizo likawa njia, maana kufika barazani lazima upite sebuleni. Kwa hiyo ndoo nikaitia jelatini, nikaifunga kamba ya kuanikia nguo, nikaishusha kupitia dirishani, na yeye akasimama barazani mikono nyuma, asiiguse, akiniongoza kwa kidevu: kushoto, kushoto, chini. Mzungu mmoja aliyekuwa akipita barabarani na mbwa wake alisimama kutazama. Sijui alidhani tunaiba nini.

Kila jioni nilishusha kikombe kwa uzi, na mama, akiwa amefunga kitambaa puani, alifungua bomba kwa fimbo ya mwavuli. Jumatano nikasoma vichwa vya habari. Ijumaa, nyuma ya glasi ya bia yenye rangi ya asali, nikasoma utabiri wa hali ya hewa, herufi ndogondogo, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mvua. Sijawahi kuifurahia mvua ya Brussels kama siku ile.

Jumapili asubuhi, siku ya kwenda ukweni, niliivuta ndoo juu polepole kama ninayempandisha mgonjwa. Nikaiweka mezani. Nikaacha itulie saa nzima, nikaingia bafuni kuosha chupa. Chupa zilikuwa za kuibebea bia kwenye tramu tu, si za kuitia gesi. Shangazi alikuwa amekwishaonya kwamba bia ya kutoa mapovu puani haiwafai wazee.

Mlango nilikuwa nimemwachia wazi, sikusikia alipofika. Nilisikia akiimba. Nilipotoka bafuni na chupa mikononi, alikuwa amesimama jikoni, kitenge amekifunga vizuri, mikono ya blauzi ameikunja hadi kwenye viwiko, anakoroga. Mwiko ulifika chini kabisa, ukainua mashapo yote, hamira, jelatini, wiki yangu nzima.

"Nimeikuta imelala," akasema bila kugeuka. "Uzito wote uko chini. Ulitaka kuwapelekea maji, watuone tuna choyo?"

Kwetu mbege huliwa zaidi ya kunywewa. Mtu akikupimia ile nyepesi ya juu na kuacha ulezi chini, amekutukana. Shangazi alikuwa ameniokoa na aibu. Nilitaka kupiga kelele mpaka vigae vya paa vidondoke, lakini shangazi hafokewi, hasa yule atakayekusemea baada ya saa mbili. Nikarudi bafuni, nikafunga mlango, nikazifokea chupa. Kisha nikapiga moyo konde na kuzijaza ukungu, moja baada ya moja.

Etterbeek walitupokea vizuri. Shangazi alisema maneno yote yanayosemwa, kwa Kiswahili cha kanisani, na kumalizia kwa fahari kwamba pombe ameikoroga mwenyewe. Papa aliposikia neno "ameikoroga" alifumba jicho moja. Akamimina, akasimama, akaenda dirishani na gazeti. Aligeuza glasi huku na huku. Akalisogeza gazeti. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Hata gaz haiko," akasema.

Nilijua mzee yule hakuwa mtu wa kutania juu ya bia.

Desturi yao ni kwamba baba hanywi cha mkwe kabla binti hajaulizwa mara tatu mbele ya watu. Papa akamgeukia bintiye aliyekuwa ameketi karibu na mama yake, glasi ameinyoosha mbali na mwili.

"Mutoto wangu, hii kitu, ninywe?"

"Kunywa, papa."

"Angalia muzuri. Ninywe?"

"Kunywa."

"Mara ya mwisho, donc. Ninywe?"

Binti aliinuka, akavuka sebule, akaitoa glasi mkononi mwa baba yake. Bia alikuwa haipendi hata ile nzuri. Akainywa yote, hadi yale mashapo, tukisikia koo lake likifanya kazi. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akaniangalia mimi, wala si baba yake.

"Ni mubaya sana," akasema. Kisha akaijaza glasi upya kutoka kwenye chupa, akamrudishia. "Kunywa, papa."

Mzee alifumba macho kama anayepewa kwinini, akanywa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, na shangazi alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza ili ninyamaze.