Vichupa Sita vya Shemeji

Kazini walimwita Bwana Barafu, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Kwa miaka kumi na tisa alitunza tangi moja la nitrojeni ya kimiminika, baridi kuliko barafu yoyote, na ndani yake vichupa mia nne vya mbegu za uyoga. Mbegu ikilala humo haizeeki. Kila Jumatatu alivaa glavu nene, akapima kina kwa kijiti, akaongeza nitrojeni iliyopungua. Nyumbani mkewe aliwaambia wageni kwamba mume wake ni mlinzi wa friji, naye alicheka pamoja nao.

Alikuwa na siri, na si siri kubwa ukiitazama kwa mbali. Mbegu hupozwa taratibu, digrii moja kwa dakika, kabla ya kuzamishwa. Wiki yake ya kwanza, kwa kiherehere cha mgeni, alivitumbukiza vichupa sita moja kwa moja, kama viazi kwenye sufuria. Alipogundua kosa alifunga mdomo. Kuhakikisha kama mbegu ni hai kungetaka kuyeyusha kichupa, na mkuu wa maabara angeuliza sababu.

Vichupa hivyo vilikuwa vya shemeji yake, dada wa mkewe, mkulima wa uyoga. Mwezi uliopita shemeji akaja maabara. Uyoga wake, baada ya kupandikizwa mwaka hadi mwaka, ulikuwa umechoka: shina refu, kofia ndogo kama kifungo cha shati.

"Shemeji, si ulinihifadhia ile ya mwanzo? Nipe nianze upya. Wateja wananikimbia, na mbegu nyingine sina."

Bwana Barafu aliviyeyusha vyote sita kwenye maji ya vuguvugu, akamimina kila kimoja kwenye kisahani chenye chakula cha mbegu. Siku ya kumi na nne visahani vilikuwa vitupu, hata uzi mmoja mweupe wa uyoga unaochipua haukuonekana. Akamwita shemeji, akamweleza yote akiwa amesimama.

Shemeji hakupiga kelele. Aliviangalia visahani kimoja kimoja.

"Ulijua lini kwamba umekosea?"

"Siku ileile."

"Siku ile banda langu lilikuwa limejaa uyoga ule mpaka mlangoni," alisema. "Ungeniambia tu, shemeji, ningekuletea mbegu nyingine kesho yake."