Dawa ya Nyoka Nayo Huisha Mwilini

Siku ile, Mwanangu, nikiisimulia hata leo moyo unanienda mbio! Nilikuwa naokota korosho shambani kwetu Kiranjeranje, nyoka moma akanigonga mguuni. Nilifikishwa hospitali mguu umefura, fizi zinatoka damu. Nesi Zaituni akanitundikia dawa ya sumu ya nyoka, na kufika magharibi damu ikakata. Asubuhi nikajiona mzima kabisa!

Na asubuhi hiyo ndiyo Hadija, binti wa dada yangu, alikuwa anatolewa unyago. Somo wake ni mimi, niliyemfunda. Mwali atolewe, somo yuko wodini? Nikaomba ruhusa.

"Dada Mwanaisha, rudi kitandani," akasema Zaituni. "Dawa hii ni vipande vidogo vya kinga, vimetoka kwenye damu ya farasi. Vinaikamata sumu. Ila kwa udogo wake figo zinavichuja upesi, zinavivunjavunja, mwili unavifanya lishe. Na sumu nyingine bado imejificha mguuni, inatoka taratibu. Dawa ikiisha kabla yake, je?"

"Basi ikiisha itanikuta ngomani," nikamjibu kwa kicheko.

Nikatoroka! Nilipokelewa kwa vigelegele, nikamshika mwali mkono, nikacheza na mguu wangu mbovu. Wimbo wa tatu, shangazi Somoe akanivuta pembeni.

"We! Mbona meno mekundu, na tambuu hujala?"

Nikapitisha ulimi. Damu.

"Haya, umecheza, umeonekana," akasema. "Twende, au unataka tukuzike na kanga mpya?"

Akanipandisha lori la korosho mwenyewe. Hospitali, Zaituni akanitundikia dawa ya pili. Kila siku alitia damu yangu kwenye kichupa cha kioo, tukaikodolea macho wote wawili: imeganda, haijaganda? Ilipoganda siku mbili mfululizo, ndiyo dalili kwamba sumu imeniisha, nilipiga kigelegele wodi nzima ikaamka!

Basi sikia, Mwanangu. Mwili una kazi ya ajabu: dawa ikishaingia, figo hazingoji, zinaichuja na kuivunja. Kwa hiyo ukigongwa na nyoka ukapata nafuu, usiondoke mpaka damu yako ipimwe na uruhusiwe. Ukianza kutoka damu tena, rudi hospitali hapo hapo, usione haya. Hadija alitolewa mara moja tu, nami nusura nife siku yake.

Mwenyezi Mungu azilinde nyayo zako kila unapokanyaga, Mwanangu, na akujaalie uzee wa kusimulia wajukuu kama mimi. Amina.