Mapanki kwenye Mnada wa Shukrani

Krismasi ile nilikuwa msomi. Na sikuwa msomi wa kubahatisha. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilichokipata kwa masomo ya jioni miaka minne mfululizo, baba wa watoto watatu niliyebanwa kwenye dawati la shule ya msingi mpaka magoti yakawa yanagusa masikio. Kiwanda cha pamba kilikuwa kimetupunguza kazini, na mimi nikaona heri nipunguzwe ujinga pia.

Kanisani kwetu Mwanza, siku ya Krismasi, mwenye shukrani alipita mbele, akasema neno, akaacha alicholeta: jogoo, mkungu wa ndizi, trei ya mayai. Baada ya ibada vitu vile vilipigwa mnada nje, kuchangia ujenzi.

Neno langu nililiandaa wiki nzima. Niliwashukuru walimu, mmoja baada ya mwingine. Nilimshukuru mchungaji kwa taa ya kandili, nikamshukuru jirani kwa kupunguza sauti ya redio, nikawashukuru hata mbu wa mto Mirongo kwa kuniamsha kila niliposinzia kwenye hesabu. Watu walicheka mpaka nikahofia mabati yataachia misumari. Nikarudi kwenye benchi nikiwa na kichwa kikubwa kama majabali ya ziwani.

Mke wangu hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, macho yakiwa mbele, "Baba watoto, umemaliza?"

Nikamjibu nimemaliza.

"Haya," akasema.

Wanaume waliooa wanaijua "haya" ya namna hiyo. Mvua ya masika ina huruma kuliko hiyo.

Alikuwa na haki. Miaka yote minne yeye ndiye aliyetulisha, na ada yangu yeye ndiye aliyeilipa. Alikuwa akinunua mapanki, yaani ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya, akayakaanga na kuyauza karibu na kivuko cha Kamanga. Siwezi kusema nilimsahau. Nilimruka makusudi. Kanisani kulikuwa na watu wa ofisini, wenye tai, waliosoma tangu utotoni, na mimi sikutaka wajue kwamba msomi mwenzao amesomeshwa na mifupa. Na kumbe nusu yao walikuwa wateja wake, wanafungiwa kwenye gazeti mara tatu ili wakipishana na mtu waonekane wamebeba maandazi.

Basi akasimama. Alipita mbele na beseni lililofunikwa kitambaa cheupe, akaliweka kati ya majogoo.

"Namshukuru Mungu kwa mapanki," alisema. "Yamenisomeshea mtu."

Akarudi, akaketi, akajifunga kanga vizuri. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mdogo kama dagaa.

Mnadani, mzee wa kanisa aliuza kila kitu kwa mbwembwe. Jogoo mmoja aligombewa utadhani hutaga dhahabu. Zamu ya beseni ilipofika akalifunua, harufu ya samaki ikatembea, na wenye tai wote wakaanza kulitazama ziwa kana kwamba limeletwa asubuhi ile. Akaita mara ya kwanza, akaita ya pili, kimya. Akakohoa, akasema labda hili tuliweke pembeni, wapewe wahitaji baada ya watu kuondoka.

Mke wangu alikuwa amesimama peke yake, shingo imenyooka. Nilimjua vizuri: asingelia pale, wala asingelisema tena jambo lile maisha yake yote. Shukrani yake ilikuwa inasogezwa pembeni kama takataka, na aliyeanza kuisogeza ni mimi, tena kwa hotuba nzuri.

Nikanyoosha mkono. Nikataja fedha yote niliyoiweka kwa ajili ya jogoo wa chakula cha mchana. Kisha nikapita mbele, nikachukua panki moja nikaling'ata hadharani.

"Kuna neno nililificha kule ndani," nikasema. "Hiki ndicho nilichokula miaka minne. Cheti ni cha mama watoto, mimi nimeandikwa jina tu."

Mzee alikuwa amekwishainua mkono kunitangaza mshindi. Akapandisha dau mtu mmoja mwenye tai, mwalimu mkuu, huku akisema yeye ni mteja wa siku nyingi na hajawahi kuona mapanki yaliyokauka vizuri namna ile. Akafuata mama mmoja wa Kikristo safi, mke wa karani. Ndani ya dakika chache nilikuwa nimeshindwa vibaya na beseni langu limechukuliwa. Sijawahi kufurahia kushindwa kama siku ile.

Tulipokaribia nyumbani mke wangu akaniuliza,

"Kwa hiyo wewe kushukuru ni mpaka ubanwe mnadani?"

Nikakubali. Nikamwuliza nifanye nini.

"Kiwanda cha samaki kikifunguliwa baada ya sikukuu, mapanki utayafuata wewe."

Wiki haikuisha. Nikaenda na beseni kichwani, shati limepigwa pasi, nikakuta akina mama kama hamsini getini. Walinitazama, wakatazamana, na mmoja akanionyesha nyuma kabisa.

"Shemeji msomi, foleni inaanzia kule."

Nikaenda kule, nikapanga.